Mgeni, Mshukiwa na Mpaka: Uhakiki wa Lugha ya Ebola Wilayani Kasese, Uganda

Ikisiri

Makala haya yanahakiki msamiati wa Kiswahili uliotumika kuueleza ugonjwa wa Ebola ulipovuka mpaka kutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na kuingia wilaya ya Kasese mwaka 2019. Hoja kuu ni kwamba msamiati huo uliwataja watu kwa uraia wao pale ambapo elimu ya afya ilihitaji watajwe kwa safari zao na kwa mguso wao na mgonjwa. Matokeo yake ni kwamba jamaa huwa wageni, wagonjwa huwa watuhumiwa, na kituo cha afya mpakani huwa mahali pa kukwepwa. Makala yanapendekeza istilahi ambazo wizara za afya na mabaraza ya Kiswahili zinaweza kuzisanifisha kwa pamoja.

1.0 Utangulizi

Tarehe 11 Juni 2019 Wizara ya Afya ya Uganda ilithibitisha mgonjwa wa kwanza wa Ebola nchini humo aliyehusiana na mlipuko uliokuwa ukiendelea mashariki mwa Kongo. Mlipuko huo ulikuwa umetangazwa tarehe 1 Agosti 2018 katika Kivu Kaskazini. Ulipofikia kikomo tarehe 25 Juni 2020 ulikuwa umewapata watu 3,470 na kuua 2,287 kati yao. Kwa kipimo cha vifo, ni mlipuko wa pili kwa ukubwa katika historia ya ugonjwa huo, baada ya ule wa Afrika Magharibi wa 2014 hadi 2016.

Tafiti nyingi kuhusu tukio la Kasese zimejikita katika maandalizi ya kitabibu. Maandalizi hayo yanastahili sifa. Kabla ya mgonjwa wa kwanza kupatikana, wahudumu wa afya wapatao 4,700 katika vituo 165 nchini Uganda walikuwa wamekwisha kupata chanjo, na hapakuwa na maambukizi yaliyoendelea kusambaa ndani ya nchi. Suala la lugha, hata hivyo, limeachwa pembeni, kana kwamba maneno ni chombo tu cha kubebea taarifa. Makala haya yanashikilia msimamo tofauti: katika eneo la mpakani, neno linalochaguliwa kumtaja mgonjwa huamua kwa kiasi fulani kama mgonjwa anayefuata atajitokeza au atajificha.

2.0 Familia moja, nchi mbili

Mgonjwa wa kwanza alikuwa mtoto wa miaka mitano. Kwa mujibu wa taarifa ya Wizara, aliingia Uganda pamoja na familia yake tarehe 9 Juni, akapelekwa katika Hospitali ya Kagando, ambako wahudumu walitambua dalili, kisha akahamishiwa katika kitengo cha matibabu ya Ebola cha Bwera. Alifariki. Bibi yake, mwenye umri wa miaka 50, na mdogo wake wa miaka mitatu pia walithibitishwa kuwa na ugonjwa huo. Taarifa za umma zilieleza kwamba familia ilikuwa imekwenda Kongo kumuuguza babu wa watoto hao, aliyefariki kwa Ebola. Zilieleza pia kwamba mama yao ni Mkongomani aliyeolewa na raia wa Uganda.

Jambo hili la mwisho ndilo lenye uzito kwa uhakiki huu. Katika tangazo rasmi na katika vyombo vya habari vya kimataifa, mtoto huyo alitajwa kuwa mtoto wa Kikongomani. Mama aliyeolewa Uganda, safari ya kumuuguza baba na marejeo ya nyumbani baada ya msiba ni mambo yaliyotajwa baadaye, kwa ufupi, kama maelezo ya ziada. Kichwa cha habari kilikuwa tayari kimeamua: ugonjwa umeletwa kutoka Kongo na Mkongomani. Siku chache baadaye, kwa makubaliano ya serikali mbili, baadhi ya wanafamilia walirudishwa Kongo kwa uangalizi na matibabu. Habari kama hiyo kwa Kiswahili huelezwa kwa kitenzi kilichozoeleka: wamerudishwa kwao. Kwa familia ambayo ndoa yake ina mguu mmoja upande huu na mwingine upande ule, neno *kwao* halina jibu moja.

Familia hiyo haikuwa ya pekee katika mazingira yake. Mto Lhubiriha unaotenganisha Mpondwe na Kasindi uligeuzwa kuwa mpaka na wakoloni Waingereza na Wabelgiji, lakini watu wa pande zote mbili, Wakonzo wa Uganda na Wanande wa Kongo, wana asili moja na lugha zao husikilizana. Siku za soko la Mpondwe, Jumanne na Ijumaa, maelfu ya watu huvuka daraja na kurudi nyumbani kabla ya jua kuzama. Wanavuka kuuza samaki, kununua mafuta ya mawese, kutibiwa, kuoa na kuzika. Katika mazingira haya, kumgawa mtu kuwa mwenyeji au mgeni kunategemea siku ya juma na upande wa daraja aliposimama.

3.0 Mgeni wa karamu na mgeni wa kuogopwa

Kiswahili kina neno moja, *mgeni*, kwa dhana mbili ambazo lugha nyingine za eneo hili huzitenganisha. Luganda, kwa mfano, ina *omugenyi* kwa mtu aliyekuja kutembelea na *omugwira* kwa mtu wa taifa lingine. Mzungumzaji wa Kiswahili hulazimika kuongeza maneno, kama vile *raia wa kigeni*, ili kuondoa utata, na mara nyingi haongezi.

Utata huo una historia njema. Methali isemayo *mgeni njoo, mwenyeji apone* inamchukulia anayekuja kuwa sababu ya nafuu ya anayepokea: chakula kizuri hupikwa kwa ajili ya mgeni, na wenyeji nao hula. Hata methali yenye tahadhari, ile inayotaka mgeni apewe jembe siku ya tatu, haimfukuzi. Inampa kazi, na kwa kumpa kazi inamfanya kuwa mmoja wa nyumba hiyo. Katika fikra hii ugeni ni hali ya muda, inayokwisha kwa kula na kulima pamoja.

Mlipuko wa ugonjwa huigeuza methali ya kwanza juu chini. Anayekuja sasa ndiye anayemfanya mwenyeji augue. Badiliko hilo halihitaji neno jipya. Neno lilelile *mgeni* linabaki, maana ya karamu ikiondoka na ile ya hofu ikishika nafasi yake. Hapo ndipo ilipo hatari ya kilugha. Ujumbe wa afya unaosema *toeni taarifa mkiona wageni katika kijiji chenu* unaweza kuwa ulikusudia watu waliotoka katika maeneo yenye maambukizi. Msikilizaji wa Bwera anaweza kuuelewa kuwa unamhusu shemeji yake wa Kasindi aliyekaa naye miezi sita bila kuvuka mto. Vilevile anaweza kuuelewa kuwa haumhusu mwanawe mwenyewe aliyerudi juzi kutoka mazishini Beni, kwa kuwa mwana si mgeni. Kwa hiyo neno hili linakosea mara mbili: linamtia hofuni asiye na hatari na linampitisha mwenye hatari.

4.0 Msamiati wa mahakama katika wodi

Tatizo la pili linatokana na chanzo cha istilahi za milipuko. Nyingi zilitafsiriwa kwa haraka, na wafasiri walichukua maneno yaliyokuwa karibu. Maneno yaliyokuwa karibu yalikuwa ya polisi na mahakama.

Mtu mwenye dalili ambaye bado hajapimwa ameitwa *mshukiwa wa Ebola*. Katika magazeti na redio za Kiswahili, mshukiwa ni mtu wa wizi, mauaji au ugaidi. Tukio la ugonjwa limeitwa *kesi*, neno ambalo kwa msikilizaji wa kawaida lina hakimu ndani yake. Waliokutana na mgonjwa *wanasakwa*. Mtu aliyeondoka kituoni kabla ya siku zake kwisha *ametoroka*. Aliyepatikana *amenaswa*. Maneno haya, yakipangwa pamoja bila kutaja ugonjwa, yanasimulia uhalifu kamili, kuanzia tuhuma hadi kukamatwa.

Hayo yangekuwa mabaya kwa mgonjwa yeyote, lakini kwa anayetoka ng'ambo ya mpaka uzito wake ni mkubwa zaidi. Eneo la Kasese limeishi kwa miongo na hofu ya makundi yenye silaha yanayojificha upande wa Kongo, hasa ADF. Maneno *kupenya*, *kuingia kisirisiri* na *njia za panya* yalikuwa tayari na maana ya kiusalama kabla ya kupewa kazi ya kiafya. Mtu anayeitwa Mkongomani, mshukiwa, aliyepenya kwa njia ya panya, ameelezwa kwa lugha ileile inayotumika kumweleza adui. Ni vigumu kutarajia jirani amwone kuwa mgonjwa.

Neno *kutengwa* linastahili kutajwa peke yake. Katika tiba linasimama kwa kumweka mgonjwa mahali pake ili asiambukize wengine. Katika maisha ya jamii, kutengwa ni adhabu: mtu ametengwa na ukoo, na hata na kanisa au msikiti wake. Mama anayeambiwa kwamba mtoto wake atatengwa husikia maana zote mbili kwa wakati mmoja. Neno la mkopo *karantini*, ambalo wasanifishaji wengine hulikwepa kwa sababu ya ugeni wake, angalau halina mzigo huo.

Lugha imekwisha kuonyesha kwamba njia mbadala zipo. Katika matangazo ya afya ya Tanzania neno *mhisiwa* limetumika mahali pa *mshukiwa*. Maana ya msingi haijapotea, kwa kuwa mtu bado hajathibitishwa kuwa na ugonjwa, lakini harufu ya jinai imepungua.

5.0 Lawama inayozunguka

Inawezekana kudhani kwamba Kongo ililaumiwa mwaka 2019 kwa sababu tu ugonjwa ulitoka huko. Historia ya eneo hili inaonyesha kuwa lawama ina mwendo wake yenyewe, na kwamba hakuna upande unaobaki daima kuwa wa wenyeji.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, UKIMWI ulipojitokeza pande mbili za mpaka wa Uganda na Tanzania, watu wa Kagera waliuita *Juliana*, kwa jina la vazi lililoletwa na wachuuzi kutoka Uganda. Upande wa pili, katika vijiji vya wavuvi vya Rakai, palikuwa na simulizi kwamba ni uchawi wa wafanyabiashara wa Tanzania waliodhulumiwa. Maradhi yalikuwa yaleyale na ziwa lilikuwa lilelile, lakini kila upande ulimwona mwenye kosa ng'ambo.

Majina ya kisayansi nayo hayakuwa mbali na mkondo huu. Virusi vya Marburg vina jina la mji wa Ujerumani ambako wafanyakazi wa maabara waliugua mwaka 1967, ingawa nyani waliohusika waliletwa kutoka Uganda. Mwaka 1976 watafiti waliokuwa Zaire walichagua jina la mto Ebola ili kijiji cha Yambuku kisibebe aibu ya ugonjwa. Mwaka 2007, aina mpya ya virusi hivyo iligunduliwa katika wilaya ya Bundibugyo, jirani wa Kasese, na uangalifu wa 1976 haukurudiwa: aina hiyo inaitwa Bundibugyo hadi leo. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo unaoshauri magonjwa mapya yasipewe majina ya mahali wala ya watu. Bundibugyo ilikuwa imekwisha kuingia katika vitabu.

UVIKO-19 uliizungusha lawama kwa kasi zaidi. Mgonjwa wa kwanza kuthibitishwa Uganda, Machi 2020, alikuwa raia wa Uganda aliyerejea kutoka Dubai, na kwa majuma kadhaa waliotoka Dubai ndio waliotafutwa na kunyooshewa vidole mitaani. Kisha zamu ikawafikia madereva wa malori. Mwezi Mei mwaka huo Rais Yoweri Museveni alitangaza kwamba madereva wa kigeni waliokutwa na virusi wasihesabiwe katika takwimu za taifa. Kitakwimu, hatua hiyo inaweza kuwa na hoja zake. Kilugha, ilifundisha umma kwamba kuna maambukizi yetu na maambukizi yao. Wakati huohuo, Aprili 2020, Waafrika katika mji wa Guangzhou nchini China walikuwa wakifukuzwa katika nyumba walizopanga na katika hoteli kwa tuhuma za kueneza virusi hivyohivyo. Mganda aliyekuwa mwenyeji Mpondwe alikuwa mgeni Guangzhou.

6.0 Kiswahili chenyewe kama alama

Kuna kipengele kinachowahusu wataalamu wa Kiswahili moja kwa moja. Nchini Uganda, Kiswahili kiliishi kwa muda mrefu kikihusishwa na jeshi na polisi. Mashariki mwa Kongo ni lugha ya soko, kanisa na nyumbani, na ni mojawapo ya lugha nne za taifa. Kwa hiyo, katika foleni ya kupimwa joto Mpondwe, Kiswahili chenye lafudhi ya Beni au Butembo huweza kumtambulisha mtu kuwa Mkongomani kabla hajatoa kitambulisho. Lugha ambayo Jumuiya ya Afrika Mashariki inaitarajia iunganishe watu inaweza, wakati wa hofu, kuwatenga.

Tofauti za msamiati huongeza ugumu. Katika Kiswahili cha Kongo, *munganga* ni daktari wa hospitali. Msikilizaji wa Kiswahili sanifu hufikiria mganga wa kienyeji. Mgonjwa anayesema kwamba tayari ameonwa na munganga anaweza kuandikwa kuwa amepitia kwa mganga wa jadi, na historia yake ya kitabibu ikaharibika pale pale. Vivyo hivyo, *kutosha damu* katika Kiswahili hicho ni kutoa damu. Kwa mzungumzaji wa Kiswahili sanifu ni maneno yasiyoshikana, au ni suala la damu kuwa ya kiasi kinachofaa. Makosa ya aina hii husomwa kwa urahisi kuwa udanganyifu wa mgeni, wakati chanzo chake ni lahaja.

7.0 Pingamizi na mfano wa Agosti

Pingamizi lenye nguvu dhidi ya hoja ya makala haya ni kwamba hofu ya watu wa Kasese ilikuwa na msingi. Ugonjwa ulikuwa Kongo, ulivuka, na uliua. Kuficha ulikotoka kwa kuogopa kuwaudhi jirani kungekuwa uzembe. Pingamizi hili ni la kweli, na halipaswi kujibiwa kwa wito wa upole wa maneno peke yake.

Jibu lake liko katika usahihi. Kauli kwamba kuna maambukizi Mabalako na Beni ni taarifa. Kauli kwamba Wakongomani wanaleta Ebola ni tuhuma, na tena ni taarifa mbovu: Kongo ni nchi kubwa, na mtu wa Lubumbashi hakuwa na hatari iliyompita mtu wa Kampala. Kinachoeneza Ebola ni mguso wa majimaji ya mwili wa mgonjwa au wa maiti, na virusi havina habari na uraia wa anayegusa. Kwa sababu hiyo, tarehe 17 Julai 2019, Shirika la Afya Duniani lilipotangaza mlipuko huo kuwa dharura ya kimataifa, lilisisitiza kwamba nchi zisifunge mipaka, kwa kuwa kufunga huwasukuma watu kwenye njia zisizo na uangalizi.

Tukio la mwisho wa Agosti 2019 linathibitisha hoja hiyo. Msichana wa miaka tisa kutoka Kongo alikuwa akivushwa na mama yake kwenda kutafuta matibabu Uganda. Walipita kituo rasmi cha Mpondwe. Dalili zikaonekana hapo, akatengewa mahali, akapelekwa Bwera, na tarehe 30 Agosti akafariki. Ugonjwa haukusambaa Uganda. Kituo kilifanya kazi yake, lakini kilifanya hivyo kwa sababu mama huyo alikubali kukipitia. Kuna vivuko vingi visivyo rasmi kwenye mto Lhubiriha, na kiangazi kinapopunguza maji, mtu huweza kuvuka kwa miguu. Kipimajoto hakimpimi aliyepita bondeni. Usalama wa wilaya nzima, pamoja na wale wanaomwogopa mgeni, ulitegemea uamuzi wa mwanamke mmoja mwenye mtoto mgonjwa kwamba darajani atapokewa kama mzazi.

Hapa lugha inaingia katika hesabu za sera. Kila tangazo linalomfanya Mkongomani kuwa mshukiwa linaongeza bei ya kupita darajani. Bei ikizidi, njia ya bondeni huonekana nafuu.

8.0 Hitimisho na mapendekezo

Mwezi Septemba 2019, siku chache baada ya kifo cha msichana huyo, Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha kuundwa kwa Baraza la Taifa la Kiswahili. Julai 2022 liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi, mwaka uleule ambao Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mjadala wa utekelezaji umeelekezwa zaidi shuleni na bungeni. Uhakiki huu unaonyesha kwamba kituo cha Mpondwe kinastahili kipaumbele hichohicho, na mapendekezo manne yanatolewa.

Kwanza, matangazo ya afya yamtaje mtu kwa tendo na mahali: *aliyetoka eneo lenye maambukizi katika siku 21 zilizopita*, *aliyehudhuria mazishi*, *aliyemuuguza mgonjwa*. Maelezo haya ni marefu kuliko *mgeni*, lakini humhusu pia mwenyeji aliyesafiri. Uraia utajwe pale tu unapohitajika kisheria.

Pili, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, kwa kushirikiana na wizara za afya na mabaraza ya taifa, iandae orodha fupi ya istilahi za milipuko kabla ya mlipuko ujao. *Mhisiwa* lichukue nafasi ya *mshukiwa*. *Mgonjwa* nafasi ya *kesi*. *Kuondoka kabla ya muda* nafasi ya *kutoroka*. *Kutunzwa mahali pa pekee* nafasi ya *kutengwa*. Istilahi zinazoundwa katikati ya hofu hubeba hofu hiyo kwa miaka mingi.

Tatu, orodha hiyo iwe na safu ya Kiswahili cha Kongo, pamoja na Kikonzo na Kinande. Mhudumu wa mpakani anayejua maana ya *munganga* ataandika historia sahihi ya mgonjwa, na mgonjwa anayesikia lahaja yake ikiheshimiwa ataongea zaidi.

Nne, takwimu zinazotangazwa kwa umma zieleze mahali maambukizi yalipopatikana bila kuwapanga wagonjwa katika makundi ya *wetu* na *wao*. Mgonjwa aliyelala Bwera yuko chini ya uangalizi wa wauguzi wa Bwera, na hatari yake na tumaini lake viko hapo.

Mapendekezo haya hayahitaji bajeti kubwa wala mashine mpya. Yanahitaji uamuzi, na uamuzi huo ufanywe wakati wa utulivu. Soko la Mpondwe litafunguliwa Jumanne ijayo, na watakaovuka daraja watakuwa walewale: wauzaji, wagonjwa, wakwe na waombolezaji.